Kadi ya Bwana Mwinjuma Pazi, Mpiga Picha Wetu Barazani

Jumanne ya tarehe 20 Mei 1958, kabla adhuhuri haijaingia, gazeti letu la Pwani Yetu lilipoteza kadi yake ya mpiga picha katika ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria. Kadi hiyo ina jina la mtu mmoja tu, Bwana Mwinjuma Pazi, na siku hiyo Bwana Mwinjuma hakuwamo ukumbini, wala Dar es Salaam hakuwako. Alikuwa Mkuza, Kibaha, anapalilia minanasi yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotokea, na kwa sababu najua wako watakaopenda tule pilau la kumuaga mzee huyu kana kwamba halikutokea.

Sasa tuje kwenye furaha, maana ipo nyingi.

Bwana Mwinjuma anastaafu leo, Jumamosi tarehe 31 Mei, baada ya kulitumikia gazeti hili miaka ishirini na minne. Mitano ya mwisho ndiye aliyesimama Barazani kwa niaba yetu sote. Katika miaka hiyo mitano wapiga picha wenzake waliosimama naye nyuma ya kamba wameonywa, kwa hesabu yangu, mara kumi na moja, na mmoja alitolewa nje kwa kutafuna karanga wakati wa dua ya kufungua kikao. Bwana Mwinjuma hakuonywa hata mara moja. Sifa hiyo hakupewa na mtu. Aliijenga mwenyewe, kikao baada ya kikao, amesimama wima na kamera yenye uzito wa mtoto anayeanza kutambaa.

Amezaliwa hapa hapa Kisarawe, kwa wazee waliolima mihogo na kuuza nazi. Marehemu baba yake alimtaka ashike jembe. Yeye akashuka Dar es Salaam, akapata kazi ya kumbebea mpiga picha mmoja wa Kihindi ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Mpiga picha yule alikuwa na pazia moja tu la nyuma, lililochorwa milima yenye theluji. Watu wa Kisarawe na Mlandizi walikwenda kupigwa picha mbele ya theluji hiyo wakitiririka jasho, na kazi ya Mwinjuma ilikuwa kuwapepea kwa kawa mpaka mwenye kamera aseme tayari, kisha ajitupe chini asionekane. Hata leo nyumba nyingi za huku zina picha ya babu aliyevaa joho mbele ya theluji, na ukitazama vizuri pembeni chini utaona kisigino. Kisigino hicho ni cha mstaafu wetu.

Alipoingia gazetini mwaka 1934 tulikuwa na kurasa nne na mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya mashindano ya kuvuta kamba, wazee wa Kisarawe na wazee wa Mlandizi. Kamba ilikatika sekunde ile ile aliyofyatua, na picha ikatoka na wazee wote wamelala chali, miguu juu, amebaki amesimama mwamuzi peke yake. Bwana Kibwana, mhariri wetu, siku hizo akiwa kijana na mwembamba, alitaka kuichapa. Mwinjuma akamwambia, "Ichape, lakini kesho wewe ndiye utakayepita barazani kwa wazee hao ukiwaamkia shikamoo." Haikuchapwa. Naitaja kwa sababu hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza, na alikuwa nayo miaka kumi na tisa kabla hajakabidhiwa karatasi ya kanuni za Baraza: asimpige mtu picha ambayo kesho atashindwa kumtazama usoni.

Karatasi yenyewe alipewa mwaka 1953, alipopata kadi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Mwalimu mmoja wa hapa akatufasiria, nami, mpanga herufi wa gazeti, nikaipanga kwa herufi za risasi, tukachapa nakala yake, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kwa faida ya wasioijua, nitaeleza kwa ufupi. Mpiga picha huvaa koti na tai. Huinamisha kichwa kwenye kiti cha mbele anapoingia na anapotoka. Husimama nyuma ya kamba, mahali pake tu, wala havuki. Huweza kutumia balbu ya flashi wajumbe wanapoingia na siwa, ile rungu ya heshima ya Baraza, lakini mjumbe akishasimama kusema, flashi ni marufuku. Hapigi picha ya karatasi zilizo mezani kwa wajumbe. Hapigi picha ya mjumbe aliyelala, anayekula au anayejikuna. Hasemi na mtu. Na Mwenyekiti wa kikao akiinuka kitini, mpiga picha hugandama pale pale alipo, hata kama ameinua mguu.

Siku ya kwanza Bwana Mwinjuma alifika mlangoni amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, kofia, na tai nyekundu iliyofungwa vizuri kwenye kola ya kanzu. Bawabu wa mlango ule ni Bwana Mashaka, mtu wa Mlandizi ambaye kwa mama ni Mnyamwezi, kwa hiyo kwa Mzaramo kama Mwinjuma ni mtani wa halali kabisa. Akamtazama juu mpaka chini.

"We Mzaramo, unakwenda kuoa au unakwenda kuzikwa?"

"Nakwenda kazini, mtani. Soma hapo. Koti, hili. Tai, hii. Nionyeshe palipoandikwa suruali."

Mashaka akaitafuta suruali kwenye karatasi, mbele na nyuma, asiione. Mwisho Mwinjuma mwenyewe akacheka, akanyanyua pindo la kanzu, na chini yake ilikuwako suruali ya kijivu, mpya, yenye mkunjo uliopigwa pasi. "Nilitaka kujua kama unasoma au unatazama watu sura tu," akasema. Kanzu akaivua, akaikunja, akampa Mashaka amshikie. Tangu siku hiyo kanzu ile ilikaa kwa Mashaka kila kikao, na Mwinjuma akitoka anaikuta imekunjwa upya, vizuri kuliko alivyoiacha.

Watu huuliza Barazani kuna nini cha kupiga picha, watu wamekaa tu. Mimi ninayezipokea picha zake kuzipangia mahali ukurasani najua. Alikuwa akingoja. Wenzake wanafyatua mlangoni, siwa inapopita, wanamaliza balbu zao, wanakwenda kunywa chai. Yeye hubaki nyuma ya kamba bila flashi, kwa mwanga wa madirisha tu, mpaka mjumbe asahau kwamba kuna kamera. Ndipo utaona mkono wa mtu ulivyokaza ukingo wa meza kabla hajasema neno gumu. Wasomaji wetu wa Kisarawe na Kibaha, ambao wengi hawajaliona jengo lile hata kwa nje, walikuwa wakiniuliza sokoni, "Yule bwana mwenye mkono ule alishinda?" Hawaulizi habari. Wanauliza mkono.

Mwaka juzi mjumbe mmoja alisinzia. Kulikuwa na joto, na hotuba ilikuwa ya takwimu za ngozi. Kichwa kikaanguka nyuma, mdomo ukafunguka, na miwani ikapanda kwenye paji la uso. Mwinjuma alikuwa ameelekea pale pale. Akafunika lenzi kwa kifuniko chake, akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye adabu, na mjumbe akaamka akajifanya anasoma. Habari zikamfikia Bwana Kibwana jioni.

"Mzee Mwinjuma, picha ya mwaka ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi, ndiyo. Ningeiachia isingerudi tena."

Bwana Kibwana alinuna siku mbili. Siku ya tatu mjumbe yule yule alisimama akasema kwa saa nzima juu ya visima vya vijijini, na Mwinjuma akaleta picha yake amenyoosha kidole, macho yamewaka. Ilishika katikati ya ukurasa wetu wa kwanza, na magazeti ya wiki ile yaliisha Mlandizi nzima kabla ya saa nne. Mhariri akasahau kununa. Kusahau ni kipaji chake, nami leo natumaini hakijamwishia, maana kuna jambo nataka alisahau na lingine nataka alikumbuke.

Siwezi kumsifu Bwana Mwinjuma bila kumtaja mkewe, Bi Biubwa, kwa kuwa nusu ya Baraza ilikuwa uani kwake. Miaka miwili iliyopita, alipojua kwamba siku za kustaafu zinakaribia, Bwana Mwinjuma alianza kumfundisha Bwana Salehe, fundi wetu wa chumba cha giza, mtu mzima mwenye watoto watatu na mikono isiyotetemeka. Hakumfundisha kupiga picha, hilo Salehe alilijua. Alimfundisha kusimama. Akachora mraba uani kwa mkaa, ukubwa sawa na mahali petu pa Barazani, akafunga kamba ya katani mbele yake kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye mpapai. Salehe akawekwa ndani ya mraba, ameshika ndoo ya maji nusu badala ya kamera. Bi Biubwa alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, na yeye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa kikao. Akiinuka, Salehe anagandama.

Siku moja Bi Biubwa aliinuka kwenda kutazama sufuria, akakutana na jirani dirishani, mazungumzo yakawa marefu. Salehe akabaki pale na ndoo yake, mguu mmoja mbele, jua kichwani. Mwinjuma amekaa kibarazani anamtazama. Harufu ya wali kuungua ikatoka jikoni, na Salehe asiweze hata kuita, maana kanuni inasema hasemi na mtu. Bi Biubwa aliporudi akashika kiuno.

"Nyie wanaume wawili mko hapa, wali unaungua mnaunusa?"

"Mheshimiwa ulikuwa umesimama," mumewe akamjibu.

Walikula ukoko siku hiyo, na Salehe akahitimu.

Sasa kanuni mbili za mwisho, na hizi naomba zisikilizwe. Ya kwanza: mpiga picha anayestaafu kwa heshima huipeleka kadi mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, anamtambulisha anayemfuata, na nafasi inabaki kwa gazeti lake. Ya pili: mtu mwingine anaweza kushika nafasi kwa siku moja akiwa na kadi hiyo na cheti cha mhariri, lakini akikosa, kosa linaandikwa kwa jina la mwenye kadi. Bwana Mwinjuma alizijua zote mbili. Sote tulizijua. Nilizipanga mimi kwa herufi kubwa.

Jumatatu ya tarehe 19, Bwana Kibwana alimwita Mwinjuma, akamwambia kwa upole wa kweli, sikatai, kwamba amebakiwa na siku chache, aende Mkuza akapumzike. Mwinjuma akashukuru, akauliza kama kesho Salehe ndiye atakayekwenda. Mhariri akasema hilo amuachie yeye. Akaliamua kwa kumpa cheti na kadi ya Mwinjuma shemeji yake, Bwana Maneno. Nilimwambia pale pale kwamba Salehe ameiva na Maneno hajawahi kuiona kamba ile hata kwa ndoto. Nikajibiwa, "Wewe panga herufi."

Bwana Maneno simsemi vibaya. Ni mpiga picha wa harusi, na kwa harusi hana mpinzani kutoka Sofu mpaka Mlandizi. Bibi harusi akipigwa na Maneno, hata shangazi aliyenuna anatoka anacheka. Ila mpiga picha wa harusi za huku ndiye mkubwa wa shughuli. Kadhi akishamaliza, ni yeye anayepanga watu: huyu sogea, huyu inua kidevu, bwana harusi rudia kumvisha pete, ulifumba macho. Na watu humtii, kwa sababu kila mmoja anataka kutoka vizuri. Miaka kumi na mitatu Maneno ameishi katika ufalme huo. Akaingia nao Barazani.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Bwana Mashaka, aliyekuwa amesimama mlangoni, na nimeyapata kwa Maneno mwenyewe, na hadithi zao zinalingana kila mahali. Mjumbe mmoja alikuwa amesimama anazungumzia barabara ya Morogoro, jinsi malori yanavyozama masika. Maneno akafyatua flashi. Hilo la kwanza. Mjumbe akapepesa macho, akajaribu kuendelea. Maneno akavuka kamba, akapiga goti sakafuni kama anavyowapigia maharusi, akainua kidole.

"Mheshimiwa, samahani, ulifumba macho. Rudia pale pa malori, kidevu juu kidogo. Na huyu wa pembeni asogee, msikae kama mmegombana."

Na mjumbe, masikini, akainua kidevu. Wa pembeni akasogea. Ndipo wote wawili wakakumbuka walipo. Kicheko kilianzia kwenye viti vya wageni kikashuka mpaka kwa wajumbe, na aliyekalia kiti cha Mwenyekiti siku hiyo akainuka kuwatuliza. Akiinuka yeye, kila mtu anagandama. Kila mtu akagandama, isipokuwa mmoja, ambaye aligeuka, akamwona mzee amesimama wima ndani ya joho lake, akafurahi.

"Ahsante sana. Baki hivyo hivyo, mzee wangu."

Akafyatua tena.

Alitolewa nje kwa utaratibu, na kadi ikabaki ndani. Kwenye daftari la mlangoni pakaandikwa: Mwinjuma Pazi, utovu wa adabu.

Bwana Mwinjuma alipata habari Jumatano asubuhi, kwa Salehe, aliyekwenda Mkuza kwa lori la makuti. Akaweka jembe chini, akanawa, akavaa koti na tai, akapanda lori hilo hilo lililokuwa linaendelea Dar es Salaam. Salehe alikuwa pamoja naye, na ndiye aliyenisimulia walivyopokewa.

"Umekuja kuomba kazi ya kufagia, Mzaramo?" akaanza Mashaka.

"Nimekuja kutazama kama umekufa, nirithi koti lako."

"Hili halikutoshi. Limezoea mtu mwenye adabu, na wewe tumekuandika hapa huna."

Wakacheka, halafu kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja. Mashaka akashusha sauti.

"Kadi iko ndani, siwezi kuitoa. Najua si wewe uliyekosa. Nilikuwepo, nilicheka mpaka nikauma mkono wa koti. Lakini kanuni unaijua kuliko mimi."

"Naijua. Nimeifundisha watu."

"Basi sikiliza. Mhariri wenu aandike barua, aseme gazeti limekosa na linaomba radhi. Atie saini yake mwenyewe, si ya karani, si ya yule msimamizi wenu wa harusi. Inifikie Jumatatu tarehe mbili kabla ofisi haijafunguliwa. Ikifika, jina lako linasafishwa, unaikabidhi kadi kwa mkono wako kama walivyofanya wengine, na huyu Salehe anaingia. Isipofika, umestaafu ulivyoandikwa, na nafasi inakwenda kwa gazeti linalofuata. Wako wanaongoja, mtani. Wananiamkia kila siku kuliko watoto wangu."

Kisha akamrudishia kanzu. Ilikuwa bado kwake, tangu kikao cha mwisho alichosimama Mwinjuma, imekunjwa. Mwinjuma akasema, "Kaa nayo. Nitaifuata siku nikija na kadi yangu." Akaiacha.

Kuna jambo dogo ningependa lijulikane. Ile picha ya pili ya Maneno, ya Mwenyekiti amesimama, Salehe aliisafisha, na ilitoka ya ajabu. Sitaficha. Joho, mkono ulioinuliwa, uso wa mtu anayejizuia asicheke. Bwana Mwinjuma aliishika kwenye mwanga muda mrefu. "Nzuri kuliko zangu zote," akasema. Halafu akaifunga, yenyewe na sahani yake ya kioo iliyopigiwa, akampa Salehe aipeleke kwa Mashaka irudi ilikotoka, kwa kuwa haikupigwa kwa ruhusa. Imerudi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandikwa utovu wa adabu.

Maneno naye amefanya lililo lake. Alikwenda Mkuza na jogoo mikononi, akatoa shikamoo tangu njiani, akasema yuko tayari kutia saini mara mia. Bwana Mwinjuma akaitikia marahaba, akampokea jogoo, akachora mraba chini kwa mkaa, akamwambia asimame humo na ndoo. Bi Biubwa akainuka kwenye mbuzi, akaenda zake kumchinjisha jogoo, kumnyonyoa na kumbandika. Maneno hakutikisika. Kwa hiyo huyo amekwisha kusamehewa, na leo ndiye anayetupiga picha, na nawaomba mumtii akisema msogee.

Amebaki mmoja. Siku kumi sasa Bwana Kibwana hajaandika. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema gazeti haliendi mlangoni kwa watu kuomba radhi. Mara ya pili alisema kosa ni la Maneno. Mara ya tatu alisema la kweli, na nampenda kwa hilo: "Huyo ni ndugu wa mke wangu. Nikiandika kwamba tumekosa, jioni nitalala wapi?" Nami namjibu hapa, kwa kuwa mdomoni hanipi nafasi. Mwaka jana gazeti letu liliwataka watu wengine waombe radhi mara tisa. Nilizipanga mimi zote tisa. Saba waliomba, na hatukusikia kwamba hata mmoja wao alilala nje. Na mkeo, Bwana Kibwana, nimemuuliza mwenyewe jana wakati wa kuchambua mchele. Amesema ukisaini atakuwekea paja la kuku. Usiposaini hakusema utawekewa nini.

Bi Biubwa naye ameniambia kitu ambacho mumewe hataki kisemwe, na nitakisema, anisamehe. Anasema mzee anacheka mchana kutwa, hilo lote la Barazani analisimulia kwa wageni mpaka wanalia. Lakini kila asubuhi tangu Jumatano ile huvaa tai yake mbele ya kioo, anaifunga vizuri, anaitazama, kisha anaifungua na kwenda shambani.

Bwana Mwinjuma, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba kamera ina macho lakini haya inapewa na aliyeishika. Umetuletea Baraza zima mpaka hapa Kisarawe bila kumwaibisha hata mtu mmoja. Nenda Mkuza ukale minanasi yako, ulale mchana, usimame popote utakapo bila kamba mbele yako, na Bi Biubwa akiinuka, wewe keti. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na miaka yenye mwanga mzuri wa dirishani.

Na wewe Bwana Kibwana, uliye meza ya mbele. Programu hii nimeipanga mwenyewe na kuichapa mwenyewe, ndiyo maana unaisoma pamoja na wageni. Barua imekwisha pigwa mashine, ni mistari sita. Iko chini ya sahani yako, na kalamu iko kando ya bilauri. Lori linaondoka Kisarawe saa nane, Salehe amewekewa nafasi mbele kwa dereva, na kesho hakuna lori. Pilau litapakuliwa saa saba kamili, na mpishi amekubali kutofunua kifuniko cha sufuria mpaka aone mkono wako. Bwana Mwinjuma amevaa tai leo, mtazame. Basi kabla ya saa saba, mbele yake na mbele yetu, tupe jibu la neno moja: unasaini, ndiyo au hapana?